Gunia Kutoka Pweto

Kama Mama Chilufya angezaliwa na sauti ndogo, pengine Plamedie angepata nafasi ya kujificha. Lakini Mama Chilufya, aliyewapikia bukari, ugali wa huko, nusu ya mafundi wa mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, alikuwa na sauti ya kumwita mteja aliyeko ng'ambo ya barabara. Asubuhi ile alisimama mbele ya meza ya samaki, akaielekeza simu yake kwenye kikaratasi chenye vimraba vyeusi kilichoshonwa mdomoni mwa gunia jipya, akaisogeza karibu na pua kwa sababu miwani aliiacha nyumbani, akasoma:

"'Plamedie wangu. Hii samaki nimeipanga na mikono yangu mwenyewe. Moshi iliniingia mu macho nikatoka machozi, bamama ba hapa bakaniuliza kama iko moshi kweli. Nimechoka kukuandikia ku magunia. Nakuya na hii kamyo. Leo nitamuuliza mama yako, mbele ya bantu bote, kama anaweza kunipatia weye. Ngosa.'"

Fundi wa kuchomelea vyuma wa kibanda cha jirani alizima mashine yake. Wanawake wawili waliokuwa wakibishania fungu la mihogo waliacha kubishana. Plamedie alikuwa ameshika kisu cha kukatia kamba za magunia. Alikiweka chini polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge, ingawa mikono haikuwa na kitu. Masikio yalimwaka moto. Chini ya ule moto, mahali ambapo hakutaka mtu apaone, moyo wake ulikuwa unaruka kama mtoto aliyesikia baba yake akifungua mlango.

Anakuja. Ngosa anakuja. Leo!

"Soma tena," alisema Maman Germaine.

"Nisome tena?"

"Nimesema soma tena, Chilufya. Polepole. Na pale pa 'wangu' upasome muzuri."

Mama Chilufya akasoma tena. Safari hii watu walikuwa wamesogea.

Maman Germaine alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho yaliyoweza kujua uzito wa samaki kabla mizani haijasema. Alimgeukia binti yake.

"Plamedie."

"Maman."

"Hii maneno iko wapi? Iko mu simu ya Chilufya, ao iko mu gunia yangu?"

"Iko ku munyororo, maman."

"Ku munyororo." Maman Germaine alilirudia neno hilo kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Ile munyororo ya kuandika nani alivua, nani alikausha?"

"Njo ile."

Mnyororo wenyewe ulikuwa umeingia sokoni mwaka uliopita. Vijana wa ofisi moja ya mjini walikuja na jina lao, blokchen. Mama za soko wakalisikiliza kwa adabu, kisha wakaliita mnyororo, na jina likashika. Kazi yake si ngumu kueleza. Mvuvi wa Pweto, kule ziwani, anaandika kwenye simu samaki alivuliwa lini na wapi. Mwanamke anayekausha anaandika kuni gani, chumvi kiasi gani. Dereva anaandika safari. Muuzaji wa Lubumbashi anaandika hali ya gunia lilipofika. Mnunuzi akielekeza simu kwenye kikaratasi anaona yote. Na kwa kuwa nakala inakaa kwa kila mmoja, hakuna anayeweza kuamka na njaa ya kudanganya akabadilisha neno lake. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Chini kabisa kulikuwa na mahali pa "Maelezo". Hapo ndipo Ngosa na Plamedie walipojenga nyumba yao.

Walikutana siku ya mafunzo, katika ukumbi wa parokia. Ngosa alikuwa ametumwa na chama cha wanawake wakausha samaki wa Pweto, yeye ndiye aliyepokea samaki wao na kufunga magunia. Walikalishwa benchi moja. Ngosa alikuwa na vidole virefu vyenye harufu ya moshi isiyotoka hata kwa sabuni, na namna ya kucheka akitazama chini, kana kwamba kicheko chake kilikuwa siri ya viatu vyake. Mwalimu alieleza mambo mengi siku ile. Alipofika kwenye Maelezo, akasema kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwamba maneno ya pale yatasomwa na kila mtu kwenye mnyororo, kuanzia ziwani hadi sufuriani. Ukumbi mzima ulisikia. Wawili hawakusikia. Walikuwa wanatazamana.

Basi Ngosa aliporudi Pweto, ambako rezo, mtandao wa simu, inakuja na kuondoka inavyotaka, wakaona kwamba simu zinakatika, ujumbe unapotea, lakini mnyororo unafika siku zote, kwa sababu unangoja rezo na kuondoka nayo. Wakaanza kuandikiana. Kwanza "samaki wamefika salama, asante". Kisha "nimeota umevaa ile gauni ya kijani". Kila mmoja akiamini kwamba Maelezo yanasomwa na mtu mmoja tu, yule anayelipokea gunia.

"Nitafuta," Plamedie alisema, akijua kwamba anasema upuuzi.

Mama Chilufya alicheka mpaka kifua kikatikisika. "Utafuta nini, mutoto? Ile ya leo, ao ile ya gauni ya kijani? Ao ile yako, ulimuambia ukisikia kamyo inapiga honi roho inakutoka?"

Plamedie alifunika uso kwa viganja. "Mama Chilufya! Ulisoma ile?"

"Kwani nani hakusoma? Tunasoma bote! Tangu mvua ya kwanza. Miye nilikuwa nanunua samaki kwa Maman Astrid, kule ku kona. Nilihamia hapa juu ya nini? Juu ya kujua kama ule kijana atapona malaria!"

"Alipona," sauti ya mwanamume ilisema kutoka nyuma. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Watu walipomgeukia akashusha kile kioo chake cheusi usoni.

Maman Germaine alikaa kwenye kigoda chake taratibu. Plamedie aliyaona macho ya mama yake yakihesabu, lakini si fedha. Yalikuwa yanahesabu nyuso za wateja wapya wa miezi ile yote.

"Njo maana samaki yangu inaisha mbio," alisema. "Na miye nilifikiri banapenda samaki yangu."

"Banaipenda, maman. Iko muzuri."

"Nyamaza." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dimanche, kisha misa, familia ya Clément inakuya kwetu. Kijana iko na boutique kule mutaa ya Hewa Bora, iko na frigo mbili, hana mudomo mingi. Nimewapa neno. Na weye unaniletea mutu ya Pweto? Miye, Germaine, nikae na mukwe ya Pweto?"

"Maman, haumujui."

"Najua Pweto. Pweto kuyulu iko muzuri, chini iko bubovu."

Sokoni kila mtu aliijua habari hiyo. Maman Germaine hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwanamke aliyeibiwa. Plamedie akiwa bado anabebwa mgongoni, mama yake aliuza vitenge vyake vya harusi, akasafiri hadi Pweto, akanunua magunia. Juu yalipangwa samaki wa kupendeza, wapana, wenye rangi ya chai. Alipoyafungua nyumbani akakuta chini vichwa, makombo na mchanga. Mchanga! Mwaka ule familia ilikula bukari na majani ya mihogo, na tangu siku hiyo Maman Germaine hanunui gunia bila kuingiza mkono mpaka begani. Alikubali kuingia mnyororoni kwa sababu hiyo moja, apate kumshika mwizi, na kazi ya simu akamwachia Plamedie. Hakujua kwamba atamshika binti yake.

"Huyo hapo," alisema fundi nyuma ya kioo chake.

Ngosa alikuwa anakuja kati ya meza za nyanya. Alikuwa amebaki kwenye maegesho ya kamyo, lile lori la samaki, ili anawe, kwa sababu hakutaka Plamedie amwone na vumbi la safari, na sasa nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji kwenye kola ya shati jeupe. Nyuma yake alitembea dereva, mzee wa ndevu nyeupe aliyeitwa Fils, yaani Mwana, tangu ubatizo na hakuwahi kupewa jina lingine.

Plamedie alisahau mama yake. Tuseme ukweli, alisahau hata alipokuwa amesimama. Miezi yote hii alikuwa amemjenga mtu huyu kwa maneno, na alikuwa ameogopa kwamba mtu mwenyewe hatafanana na maneno yake. Alifanana. Alikuwa mwembamba kidogo kuliko alivyokumbuka, na shingo ilikuwa na kovu dogo la cheche ambalo hakuwahi kuliandika. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Ngosa akacheka, akatazama viatu vyake.

"Yee, mama," Mama Chilufya alinong'ona, na mnong'ono wake ukafika hadi barabarani. "Iko muzuri kupita vile anaandika."

Ngosa alipofika mbele ya meza hakumsalimu Plamedie. Alichuchumaa mbele ya Maman Germaine, akapiga makofi ya polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyowasalimu wakubwa kwao.

"Maman, jambo yenu."

"Jambo. Simama. Utachafua suruali."

"Nitabakia tu hapa chini, maman. Niko na neno."

"Neno yako imekwisha kusomwa. Mara mbili."

Ngosa alimtazama Plamedie, kisha simu ya Mama Chilufya, kisha umati. Plamedie aliiona ile habari ikimwingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi.

"Bote banasoma?" aliuliza.

"Bote," Plamedie alisema.

"Hata ile ya…"

"Hata ile."

"Hata kule Pweto? Bamama ba moshi?"

Mzee Fils alikohoa. "Kijana wangu, bale bamama banakusahihishia maneno kila jioni. Unafikiri banakaa karibu na moto juu ya baridi?"

Soko zima likacheka, na Plamedie naye akacheka bila kutaka, huku machozi yakimtoka. Ngosa alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini hakuinuka, na Plamedie akampenda zaidi kwa hilo kuliko kwa yote aliyowahi kuandika.

"Basi vizuri," Ngosa alisema. "Kama bote banajua, sina kitu ya kuficha. Maman, nampenda mutoto yenu. Nataka kumuoa. Sikuya na wazazi leo kwa sababu sikutaka bafunge safari bure kama munanikatalia. Nimekuya kubisha mulango."

"Unabisha mulango mu soko?"

"Njo hapa muko, maman."

Maman Germaine alisimama. Alilizunguka lile gunia jipya kama mtu anayezunguka ng'ombe mnadani.

"Hii gunia," alisema, "nani aliipanga?"

"Miye."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Nitaimwaga."

Minong'ono ikapita. Hakuna anayemwaga gunia la samaki wakavu. Unaingiza mkono, unapapasa, unanusa, basi. Ukimwaga, samaki wanavunjika, na samaki aliyevunjika haendi mezani kwa mtu, anaenda kwenye fungu la bei ya chini.

"Nitaimwaga yote, mpaka chini," Maman Germaine aliendelea. "Nikikuta kichwa moja, ao mchanga kidogo tu ya kujaza kijiko, utapanda mu kamyo ya Fils, na Plamedie hatakuandikia tena hata jambo. Unasikia?"

"Maman!" Plamedie alishika mkono wa mama yake. "Mwaga ingine. Hii bamepita nayo barabara mubaya, inaweza kuwa…"

"Acha amwage," Ngosa alisema.

Alimtazama Plamedie aliposema hivyo, na safari hii hakutazama viatu. Plamedie aliachia mkono wa mama yake. Alijua habari za barabara ile. Alijua kwamba gunia linaweza kulowa, kukaliwa na abiria, kupasuka na kushonwa tena na mtu asiyejali. Mapenzi yake yote yalikuwa ndani ya gunia la nailoni, na hakuna alichoweza kufanya isipokuwa kutandaza turubai.

Akatandaza turubai.

Maman Germaine mwenyewe alikata kamba. Ngosa na Fils wakainua gunia kwa pembe za chini. Kwanza wakatoka samaki wadogo, wale wa kawaida, wembamba, ambao mwanamke anawanunua siku ambayo hana wageni. Maman Germaine alikunja midomo.

"Kuyulu kwenyewe iko hivi? Sasa chini itakuwa nini?"

Plamedie alifumba macho. Akasikia samaki wakiteleza, sauti kavu kama majani. Akasikia gunia likitikiswa. Kisha akamsikia Mama Chilufya, ambaye kwa mara ya kwanza tangu waijue sauti yake alisema kitu polepole:

"Mama yangu mie."

Alifumbua macho. Juu ya wale wadogo walikuwa wamelala samaki wa aina ya makobo, wakubwa, wapana kama sahani za sikukuu, wenye rangi ya dhahabu iliyoiva, mmoja mmoja, wazima, mikia yote ikiwapo. Waliopangwa chini ya gunia ndio waliotoka mwisho. Hapakuwa na kichwa kilichokatika, wala mchanga wa kujaza hata kijiko.

Maman Germaine alipiga magoti kwenye turubai. Akaokota mmoja, akamgeuza, akanusa tumbo lake. Akaokota mwingine. Kisha akamtazama Ngosa, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Juu ya nini uliweka bakubwa chini? Kila muntu anaweka bakubwa kuyulu, macho ibaone."

Ngosa alikwaruza shingo. "Bakubwa banabeba, maman. Badogo bakilala kuyulu habavunjike. Hiyo moja."

"Na ya pili?"

"Plamedie aliniandikia habari yenu. Ya mchanga. Ilinifikia mu hii juma, njo hii gunia nikaipanga vile. Nilijua mutafika chini."

Fundi wa kuchomelea aliinua kioo chake akajifuta jicho. Maman Germaine alibaki amepiga magoti na samaki mkononi, na Plamedie aliona kidevu cha mama yake kikitikisika mara moja, kisha kikatulia.

"Nipe simu," alisema. "Nimuite baba yako."

Papa Jean-Claude, mstaafu wa reli, alijibu upesi. Maman Germaine aliweka sauti ya nje kwa sababu siku zote alibonyeza mahali pabaya.

"Jean-Claude, kuko kijana hapa ya Pweto…"

"Ngosa amefika?" sauti ya Papa Jean-Claude ilidakia kwa furaha. "Safari ilikuwaje?"

Maman Germaine aliitazama simu. "Weye ulijua?"

"Najua tangu Pasaka. Nasoma kila magharibi, mbele ya kuoga."

"Na haukuniambia!"

"Germaine, ningekuambia ungekataza. Nilitaka kujua mwisho yake."

"Na Clément? Dimanche banakuya!"

"Clément anasoma pia, mama. Alipita hapa jana, unisamehe, nilisahau kukuambia. Anasema anaheshimu sana familia yetu lakini hawezi kuingia mu katikati ya ile maneno. Aliulizia pia kama Plamedie iko na ndugu mwanamuke."

Soko lilipasuka. Mama Chilufya alilazimika kushika meza. Maman Germaine alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka naye, kicheko cha zamani ambacho Plamedie alikisikia mara chache tangu utoto wake, cha tumboni, cha kuomba hewa.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa pembe ya kitenge, akaichukua simu ya Plamedie, akafungua mnyororo, akashuka mpaka kwenye Maelezo. Aliandika kwa kidole kimoja, akitamka herufi kwa midomo, na hakuruhusu mtu amsaidie. Kisha akabonyeza.

Simu ya Mama Chilufya ikalia. Ya fundi ikalia. Ya Fils ikalia mfukoni.

"Soma," Maman Germaine aliamuru. "Na sauti yako yote."

Mama Chilufya hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"'Gunia imefika. Nimeimwaga, nimeona mpaka chini. Iko sawa. Ngosa akuye kwetu dimanche na baba yake na mama yake. Bamama ba moshi nabo bakuye, kama kamyo iko na nafasi. Bukari itakuwa. Germaine, mama ya Plamedie.'"

Vigelegele vilianzia kwenye meza za nyanya vikazunguka hadi kwa wauza mihogo. Plamedie alimkumbatia mama yake shingoni, ingawa alijua mama yake hapendi.

"Maman," alimwambia sikioni, "unajua ile haifutike?"

"Najua. Unafikiri nimeandika juu ya nini?" Maman Germaine alimsukuma kidogo, akajitengeneza kilemba. "Na weye, Ngosa, acha kuangalia mutoto yangu kama hujala. Okoteni samaki. Bateja banangoja."

Wakachuchumaa wote wawili kwenye turubai, uso kwa uso, karibu kuliko siku ile ya benchi. Wakanyoosha mikono kwa samaki mmoja, mkubwa kuliko wote. Vidole vya Ngosa bado vilikuwa na harufu ya moshi. Hakuna aliyeachia.

"Uliniandikia roho inakutoka ukisikia honi," Ngosa alinong'ona. "Leo ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na roho?"

"Angalia muzuri," Plamedie alisema. "Njo hiyo umeshika."

Nyuma yao, Mama Chilufya alivuta simu yake karibu na pua.

"Hiyo," alisema, "munaandika ao niandike miye?"